Mazishi ya Mguu wa Kushoto

Chuoni, Songea
2 Novemba 2024

Kwa mke wangu mkubwa, Bibi Mwamvua,

Assalaam aleikum. Shikamoo, Bibi. Nimetanguliza shikamoo ndipo nikakuita mke wangu, maana najua ningeanza kinyume ungesema chuo kimeniharibu. Huku tunaendelea, mvua za kwanza zimeanza kunusanusa, na mimi nakula, nalala na kusoma, ingawa si kwa mpangilio huo.

Mama amenipigia kutoka Masasi akasema umemrudishia simu aliyokununulia. Eti simu haina adabu, inadai jibu papo hapo, wakati barua inamwachia mtu nafasi ya kufikiri. Bibi, mimi umenilea mwenyewe. Kwenye simu ningekusikia unavyohema, na hicho ndicho ulichokikimbia. Haya, tutaandikiana.

Na imekuja wakati mzuri. Mkufunzi wetu wa magonjwa, Mwalimu Raphael, anasema anayeujua ugonjwa ni yule anayeweza kumweleza mtu asiyeingia darasani, bila neno hata moja la kitabuni. Wenzangu wamechagua wachumba zao. Mimi nimekuchagua wewe, na utanisahihisha bila huruma kama ulivyonisahihisha kwenye kila kitu tangu natambaa.

Leo nianze na presha. Moyo ni pampu na mishipa ni mipira ya maji. Mpira mpya unatanuka maji yakipita. Ukizeeka, ukilishwa chumvi na mafuta miaka yote, unakakamaa. Sasa pampu inabidi isukume kwa nguvu zaidi ili maji yafike kule kule. Mwenye mpira hasikii kitu, anajiona ana afya ya punda, kumbe ukuta wa moyo unanenepa kwa kazi na unachoka. Siku mpira ukipasuka kichwani, mtu anaanguka upande mmoja na watu wanasema amelogwa. Umenielewa? Niulize swali.

Halafu na mimi nikuulize. Mama anasema kwenye harusi ya Tunduru ulikuwa unachechemea. Ni kweli?

Matokeo ya muhula bado hayajatoka.

Ni mimi mumeo,
Muhsini


Nakapanya
20 Novemba 2024

Mume wangu mdogo mwenye miguu ya kiberenge,

Waaleikum salaam. Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu Salum, konda wa basi, aliisahau chini ya kiti pamoja na kuku wa mtu. Kuku alifika kabla yake.

Habari za hapa ni njema. Binamu yako Nasrin amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Abdulhamid, na masikio yote ni ya marehemu babu yako, tumwombee Mungu atakapokua yajikunje kidogo. Mikorosho imezaa, mabibo yameoza chini mpaka nyuki wanalewa. Mimi ni mzima. Neno hilo nimeliandika kwa wino, halifutiki.

Kuhusu kuchechemea, mama yako siku ile alikuwa amekaa akitazama jua.

Somo lako la mipira nimelielewa. Lakini hayo ya matokeo hayajatoka, hebu nikuambie kitu. Mimi nilijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mama yako mgongoni, na mara ya kwanza nilifeli. Kwa hiyo mtu aliyefeli namjua. Aliyefaulu huandika nimefaulu kabla hata ya shikamoo. Wewe umeniletea habari za pampu. Sikuulizi, nangoja uniambie kwa mdomo wako.

Sasa nikushitakie Hironimus. Unamkumbuka, yule fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, Mngoni wa huko huko uliko, aliyekuja zamani kuoa akasahau kurudi kwao. Kwa kuwa yeye ni Mngoni na sisi ni Wayao, ana ruhusa ya kunitukana mchana kweupe na mimi sina ruhusa ya kununa. Unajua siku nikifa ni yeye mtani atakayevaa kanga yangu mbele ya wafiwa na kuniigiza mpaka apewe chochote. Basi ameanza mazoezi nikiwa hai. Anasema hataki kuaibika siku yenyewe.

Anafanyia mbele ya kibanda chake, wateja wakiwepo. Anajifunga kanga. Anaita maji, anayanywa kata nzima, anajifuta mdomo kama mimi, anaita tena. Halafu anakimbilia chooni. Akirudi, kabla hajakaa, anakumbuka kitu, anakimbia tena. Anatunga uzi kwenye sindano anaukosa, anaisogeza sindano mbali, anaikaribia, anamtukana aliyeitengeneza. Kisha anasinzia kwenye kigoda na kibakuli cha ubwabwa mapajani. Na kutembea sasa! Ananyanyua mguu juu na kuutua kwa uangalifu, kama kuku aliyeingia kwenye tope. Watu wanacheka mpaka wanashikilia baiskeli.

Uongo mtupu. Maji nayanywa kwa sababu kuna joto, na chooni nakwenda kwa sababu nimekunywa maji. Mtoto wa chekechea anaelewa hilo.

Niandikie kama huko chuoni mna dawa ya Mngoni.

Bibi yako na mkeo,
Mwamvua


Songea
3 Desemba 2024

Bibi,

Assalaam aleikum na shikamoo. Mpe Nasrin hongera, mwambie hayo masikio yatamsaidia kusikia akiitwa kwenda kuteka maji.

Barua yako niliisoma bwenini kwa sauti. Mwenzangu mmoja aitwaye Leo, naye Mngoni, amesema Hironimus apewe cheti. Tumecheka sana. Halafu nikairudia peke yangu, kalamu mkononi, kama tunavyofundishwa kusoma maelezo ya mgonjwa, na kicheko kikaniishia.

Dawa ya Mngoni sina. Ila Mngoni amenipa mgonjwa. Sikiliza, hili ndilo somo la leo, na uniazime ghala la chama cha ushirika hapo Nakapanya.

Chakula unachokula kinageuka sukari, na sukari ni magunia ya korosho. Damu ni barabara inayoyaleta ghalani. Ghala ni mwili wako, nyama na misuli, ndiko sukari inakotakiwa iingie ili upate nguvu. Mlangoni yupo karani, jina lake insulini, yeye ndiye anayefungua. Sasa kwa mtu mwenye kisukari cha ukubwani, karani yupo, anagonga, anapiga kelele, lakini bawaba zimeshika kutu na mlango haufunguki. Magunia yanajazana barabarani. Ndani ya ghala njaa, nje shibe. Ndiyo maana mtu anasinzia na ubwabwa mapajani.

Figo ndizo zinazofagia barabara. Zikiona magunia yamezidi, zinayasukuma nje kwenye mkojo, na sukari haitoki peke yake, inavuta maji. Kwa hiyo, Bibi, umeipanga kinyume. Huendi chooni kwa sababu umekunywa. Unakunywa kwa sababu umekwenda chooni. Macho yanaingia ukungu, sindano inakimbia. Na mishipa ya fahamu inayoleta habari kutoka miguuni inaharibika kidogo kidogo, unakuwa huijui ardhi vizuri, unaitafuta kwa unyayo. Kuku kwenye tope.

Hironimus hajakosea hata kimoja. Nenda zahanati wakutoboe kidole, ni tone moja la damu, hata mbu huchukua zaidi.

Na kwa kuwa nakudai ukweli, nitoe wangu. Nimefeli. Somo lenyewe ni hili hili la jinsi magonjwa yanavyoanza na yanavyokwenda. Sapu ni Februari, ni mtihani wa kurudia na hakuna wa kuurudia huo. Nikianguka tena naondoka chuoni.

Mumeo aliyefeli,
Muhsini


Nakapanya
22 Desemba 2024

Mume wangu uliyefeli,

Waaleikum salaam. Sasa hiyo ndiyo barua. Nimeisoma nikaona mtu yupo ndani yake. Usilie, mimi nilifeli kwa sababu niliandika jina langu pasipotakiwa, na nchi haikuanguka.

Mvua zimeshika. Nasrin amehamia kwangu na kichanga chake, nyumba imejaa nepi. Karani uliyemsema, aliyepo lakini mlango haufunguki, namjua, tunaye hapa na ana gari. Mfano wako mzuri. Umwandikie mwalimu wako hivyo hivyo.

Ila mgonjwa humpati. Huwezi kumpima mtu kwa maigizo ya Mngoni. Mimi nina nguvu kuliko nilivyokuwa kijana. Nikupe ushahidi. Juzi nilikuwa nachoma korosho kwenye bati, unajua zinavyolipuka, nikakanyaga kaa la moto kwa mguu wa kushoto. Nilikuwa peku. Sikushtuka hata kidogo. Nasrin ndiye aliyepiga kelele, anasema alisikia harufu. Nikaangalia chini, kaa limezimikia kwenye unyayo wangu, na mimi naendelea kuchochea. Ni mgonjwa gani anayezima moto kwa mguu? Nimemsimulia kila mtu. Hata Hironimus siku hiyo alikosa la kuigiza.

Pamebaki kidonda kidogo chini ya kidole gumba. Nakiosha kwa maji ya chumvi na nimekifunga kitambaa. Si kidonda cha kuumwa, hakiumi kabisa.

Sasa tufanye mkataba wa mke na mume. Wewe ukifaulu Februari, mimi siku hiyo hiyo nakwenda wanitoboe kidole, hata vyote kumi. Ukifeli, usinitafute. Nataka uwe na sababu ya kusoma.

Umejua kunichekesha na hayo magunia.

Mkeo,
Mwamvua


Songea
5 Januari 2025

Bibi Mwamvua,

Shikamoo. Leo sikuiti mke wangu.

Mkataba wako nimeukataa. Mguu haujui Februari ni lini.

Kukanyaga kaa bila kusikia si nguvu. Maumivu ni mjumbe. Yakitoka mguuni yanapanda kwenye mshipa wa fahamu mpaka kichwani na kusema toa mguu. Sukari imemlewesha mjumbe wako akalala njiani. Kwa hiyo moto ukikuunguza, habari haifiki. Kidonda kikioza, habari haifiki. Utakuwa unasema hakiumi huku kinakwenda mfupani.

Kisha kuna vijishipa vidogo vya damu vya kidoleni. Navyo vimeziba. Damu ndiyo inayobeba askari wa kupigana na wadudu na mafundi wa kuziba kidonda. Barabara ikiwa imeziba, hakuna askari, hakuna fundi, na wadudu wameikuta sukari imemwagwa kila mahali. Wanafanya karamu. Nyama inakuwa nyeusi, inakuwa baridi, inatoa harufu.

Nakwambia kwa Kiswahili kisicho na chuo ndani yake: mguu unaweza kufa na mwenye mguu yuko hai anakunywa chai. Na ukishakufa haukai kimya, unamvuta mwenyewe.

Unafungua kitambaa mara ngapi? Kina rangi gani? Nasrin amekiona? Ungenijibu haya leo kama ungekuwa na simu.

Nataka kuja. Ila nikiondoka sasa nitakosa mazoezi ya wodini, na bila hayo siruhusiwi kufanya sapu. Niambie nije, nitakuja.

Naogopa, Bibi.

Muhsini


Hospitali, Tunduru
24 Januari 2025

Muhsini,

Marahaba. Umeona nilikoandikia. Usikimbie, soma mpaka mwisho. Nasrin yuko nami, mtoto yuko mgongoni kwake, wote wazima.

Barua yako ilinifikia nikiwa kibarazani. Kile kipande cha mguu kufa kabla ya mwenyewe nilimsomea Hironimus, nikitaka tucheke. Hakucheka. Akauliza tu ni wa kushoto, nikamwambia ndio, akavuka barabara akaenda zake. Nikasema kumbe Mngoni naye anaishiwa.

Asubuhi naamka nasikia jembe. Natoka, namkuta yeye na Wangoni wenzake wawili wa hapo barabarani, Saimon na Fransisko, wanachimba pembeni ya banda langu la kuku. Nikauliza mnapanda nini. Hironimus akavua kofia akasema wamepata habari za msiba, marehemu ni mguu wa kushoto wa Mwamvua, na kwa kuwa ni mguu wa Kiyao, watani hawakuona haja ya kusubiri waalikwe. Akaulizia sanda. Akaulizia kwa nini wafiwa hatujapika chai.

Unajua hapo huna la kufanya. Watani wakishaingia kwenye msiba ndio wenye msiba. Majirani wakajaa, wanawake wanacheka wamejishika mbavu, na mimi nacheka, ningefanyaje. Hironimus akasimama juu ya udongo akasoma wasifu. Kwamba marehemu alizaliwa pamoja na nduguye wa kulia, wakalelewa pamoja, wakacheza ngoma pamoja, wakamkimbia mume wa kwanza pamoja, lakini huyu wa kushoto alikuwa mbishi, alikanyaga moto kwa sifa. Akamtaka wa kulia aseme neno kwa niaba ya familia. Nikaunyanyua, watu wakaanguka kwa kicheko.

Kisha akatoa kamba, akasema lazima wapime marehemu wasije wakachimba kaburi fupi. Akapiga magoti mbele yangu. Akaupima kutoka goti mpaka kisigino. Akasema kidole nacho kina haki yake, akafungua kitambaa.

Ilikuwa wiki ya tatu sijakifungua mbele ya mtu, Muhsini. Harufu ikatoka. Kicheko kikakatika, hata watoto. Nasrin akageuza uso. Hironimus hakusimama, hakufunika pua. Alikaa pale chini ameushika mguu wangu kwa mikono yake ya grisi, na bado kwa ile sauti ya utani, bila kuinua kichwa, akasema, "Huyu anapumua bado. Nani aliyetuita kuzika mtu aliye hai? Mpelekeni hospitali, Wangoni hatuziki wazima."

Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Walinibeba kwenye kiti mpaka barabarani, Saimon akasimama katikati ya lami akalisimamisha basi la Salum.

Hapa wamenitoboa. Kile kimashine hakikutoa namba, kiliandika neno la Kizungu, eti sukari imepita kipimo chake, nesi akaenda kumwita daktari kwa mwendo ambao sikuupenda. Wananidunga na kunitundikia maji. Jana daktari amekuja akasema kidole gumba kimekufa na kikatwe kesho kutwa. Nikichelewa wataukata mguu. Amenipa karatasi niweke sahihi.

Sikuweka. Ni kijana mzuri, ana ndevu, lakini simjui. Nesi amenipa simu yake nikupigie, nimekataa. Kwa simu utalia, nami nitalia, na hakuna kitakachoamuliwa. Wewe ndiye uliyenieleza ghala na karani na mjumbe aliyelewa, na yote yamekuwa. Niambie na hili. Nitafanya utakalosema. Salum analeta barua hii mkononi mwako na atangoja jibu hapo stendi.

Bibi yako


Songea, stendi
25 Januari 2025

Bibi wangu,

Salum ananingoja, injini inanguruma. Shikamoo.

Weka sahihi.

Kidole kile hakirudi. Damu haiingii tena, na dawa husafiri kwa damu, kwa hiyo hata dawa haiingii. Pale sasa ni nyumba ya wadudu na mlango wake uko wazi kuelekea juu. Daktari hakati kidole, anakata njia yao. Leo njia ni fupi.

Nimekimbia kwa Mwalimu Raphael kabla ya kuja hapa. Nilimweleza kuna mgonjwa mmoja, mama wa makamo yako. Alinirudishia swali, wewe ungefanyaje. Nikasema ningekata. Akaniuliza kwa nini, nikamweleza mpaka mwisho bila kushika kitabu, halafu nikamwambia kuna basi linangoja jibu langu stendi. Akajua mgonjwa ni wa nani. Akasema niandike.

Mimi ni mwanafunzi aliyefeli somo hili hili. Ukiniuliza kama naogopa kukosea, naogopa sana. Lakini nimelisoma kila upande na kila upande jibu ni moja. Mpe daktari mwenye ndevu kidole chako, Bibi, ili mimi nibaki na wewe.

Nakupenda. Sijawahi kuliandika hilo na sijui kama huandikwa hivi.

Muhsini


Nakapanya
9 Februari 2025

Mume wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa lile neno la mwishoni ambalo hujawahi kuliandika.

Nilisaini. Walinitia ganzi, nikasikia tu kama mtu anavunja kijiti chumba cha pili. Mguu upo. Kidonda kinafungwa kila siku na ni chekundu, nesi anasema wekundu ndio wanaoutaka. Sukari imeshuka, sasa mashine yao inasoma namba kama watu. Nina vidonge asubuhi na jioni, na chai nakunywa kavu. Hilo la chai ndilo lililoniuma kuliko kisu.

Kidole niliwaomba, wakanipa kimefungwa kwenye kitambaa, maana kiungo cha Muislamu huzikwa. Na kaburi si lilikuwepo tayari. Tatizo lilichimbwa la mguu mzima, kidole kikapotelea humo. Hironimus akachungulia, akasema marehemu amepata nyumba kubwa kuliko alivyostahili, na kwamba yeye kazi amefanya na anadai jogoo. Nikampa. Alipompokea alishindwa kuniigiza. Alijaribu, akaishika kanga, akaiweka. Akasema ana baiskeli ya mtu haijamalizika, akavuka barabara haraka.

Nikwambie nilichokuficha. Nilijua. Si jina lake, lakini nilijua kuna kitu tangu mwezi wa Ramadhani. Mama yangu alikufa hivi hivi. Alianza na kiu, akaishia kukatwa mguu, na walipomrudisha nyumbani alikuwa mtu mwingine, hakutaka kutoka nje tena. Mimi sikuogopa kufa, Muhsini. Niliogopa kuondoka duniani vipande vipande huku watu wakinihesabia. Nikaona nisipopimwa, basi bado sijaanza.

Usije. Nimesikia bado unataka kuja, mama yako ameniambia. Ukija kabla ya mtihani nitakubamizia mlango usoni, nina mguu mmoja na nusu wa kufanya hivyo. Kaa, soma, maliza. Nasrin ananisaidia, na Hironimus ametengeneza kiatu kwa mpira wa tairi, kipana, hakinigusi popote. Kina alama za tairi chini. Mvua ikinyesha watu wanadhani imepita pikipiki.

Mkeo,
Mwamvua


Songea
27 Februari 2025

Mke wangu mkubwa,

Assalaam aleikum, shikamoo. Ungenisoma juu tu ungejua, sijatanguliza neno nimefaulu kwa sababu matokeo hayajatoka, na safari hii hayajatoka kweli.

Maandishi nilifanya vizuri. Waliniuliza kisukari cha ukubwani na nikajikuta nataka kuandika karani na bawaba. Nilijizuia, nikaandika majina ya kitabuni, lakini kichwani ghala lilikuwa wazi.

Mtihani wa mdomo ndio nataka kukusimulia. Unapewa mgonjwa wa kweli, humjui, unamhoji mbele ya wasahihishaji na saa inakwenda. Mimi nilipewa mzee mmoja wa Mpitimbi, Mzee Athanasi, mkulima, amevaa suti ya kanisani na viatu vimefungwa kamba mpaka juu. Alikuwa amekaa wima kama yuko kortini. Nilimwamkia, nikamuuliza anasumbuliwa na nini. Hana kitu. Usingizi? Analala. Maji? Anakunywa kama watu. Haja ndogo? Ya kawaida, na ni swali gani hilo kumuuliza mtu mzima. Miguu? Mizima. Amekuja kwa nini sasa? Mwanawe alimlazimisha.

Alikuwa wewe, Bibi. Alikuwa wewe mwenye tai. Kila mlango niliougusa aliufunga kwa adabu, na mmoja wa wasahihishaji alishaanza kuangalia dirishani. Nikayafikiria maswali yote yaliyobaki kwenye kitabu, nikaona atayafunga na hayo.

Nikakiweka kitabu cha maswali pembeni. Nikavuta kigoda karibu yake, nikamuuliza kwa sauti ya nyumbani, "Babu, huko kwako nani anayekutania? Na akikuigiza, anafanyaje?"

Mwalimu Raphael, aliyekuwa mmoja wa wasahihishaji, akainua kalamu. Yule mwingine akaacha dirisha. Mzee alinitazama kwanza kama mtu aliyeshikwa koti. Kisha mdomo ukaanza kumcheza. Akasema ni kijukuu chake, Ida, kitoto hakina adabu kabisa. Kinavaa kofia yake, kinabeba mtungi wa maji kwenda nao kitandani, kinapapasa ukuta kutafuta mlango mchana wa jua kali, na kinaingia kanisani kimevaa ndala moja, hakijui kama nyingine imebaki njiani. Alikuwa anaonyesha kwa mikono sasa, anamwigiza anayemwigiza, na alikuwa anacheka mpaka machozi. Sikuandika kitu. Nilicheka naye.

Halafu akafuta machozi kwa tai yake. Kisha akainama, na pole pole akaanza kufungua kamba za kiatu cha kushoto.

Nakuja Ijumaa ijayo.

Mumeo,
Muhsini